Kugomboa mzigo ukiwa Tanga: mwenyewe, kwa wakala, au kwa kontena la kuchangia?

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Makorora saa mbili usiku, sauti imemkauka. Ameagiza vyerehani sita vya kiwandani kutoka China. Muuzaji anataka kujua karatasi ziandikwe jina la nani na mzigo ushushwe wapi, na kila aliyemwomba ushauri amemwambia lake. Jirani yake anasema nenda mwenyewe, mawakala watakula faida yote. Fundi mwenzake anasema bila wakala hutoki getini. Wa tatu ana mtu wake Guangzhou anayekusanya mizigo ya watu kwenye kontena moja: unalipa kwa ujazo, unakaa nyumbani, unasubiri simu.

Wote watatu wanasema kweli, kila mmoja kwa aina ya mzigo wake. Mimi nauza vifaa vya ushonaji Ngamiani, huu mwaka wa kumi na moja. Njia zote tatu nimezipita, na mojawapo ilinitia hasara ambayo ningeweza kuikwepa. Niliyomweleza usiku ule nayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake.

Vya kupimia kwanza

Wengi huanza na "wakala anachukua shilingi ngapi?" Hilo liache mwisho. Anza na ruhusa: je, utaratibu unakuruhusu kutoa mzigo huo mwenyewe? Kisha jiulize kama mzigo unaelezeka kirahisi. Kisha gharama yote mpaka mlangoni kwako, siyo ujira wa mtu mmoja. Kisha muda. Halafu karatasi: zitabaki na jina la nani, na nani atajibu zikiwa na kosa?

Hilo la kuelezeka ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo linalobeba pesa nyingi. Forodha haitosheki na maneno "vifaa vya ushonaji". Kila bidhaa ina msimbo wake wa HS, yaani namba ya kuainisha bidhaa. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili zinakuwa nane. Chukua boksi langu moja la kawaida. Sindano za cherehani ziko 8452.30, pamoja na vyerehani vyenyewe katika sura ya 84. Mikasi iko sura ya 82. Zipu ziko sura ya 96. Uzi wa kushonea wa pamba uko sura ya 52, lakini wa polista umo sura ya 54 au ya 55, kutegemea umetokana na nyuzi ndefu zisizokatika au fupi zilizosokotwa. Boksi unaloweza kulibeba begani lina sura tano za kitabu cha ushuru.

Na kila sura ina pesa yake. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ni 0%, 10%, 25% na 35%, ukiacha bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Tuseme mzigo wako umefika kwa meli ukiwa na thamani ya shilingi 10,000,000, yaani bei ya kununulia pamoja na bima na nauli ya meli. Ukiangukia 25%, ushuru ni 2,500,000, halafu VAT ya 18% inapigwa juu ya 12,500,000, ambayo ni 2,250,000. Jumla 4,750,000. Mzigo huohuo ukiangukia 10%, ushuru ni 1,000,000 na VAT ni 1,980,000, jumla 2,980,000. Tofauti ni shilingi 1,770,000, na hapo sijagusa tozo nyingine kama ile ya maendeleo ya reli. Mtu anayekutafutia msimbo sahihi anaweza kujilipia ujira wake mwenyewe. Anayekuandikia msimbo wa uongo anakukopesha deni.

Kuhusu karatasi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema mambo mawili yanayokwenda pamoja. Wakala uliyemwidhinisha anahesabiwa kama mwenye mzigo. Na wewe mwenye mzigo unawajibika kwa alichokitamka kwa niaba yako. Yote mawili yashike unaposoma yanayofuata.

Njia ya kwanza: kutoa mwenyewe

*Ruhusa.* Kwa mzigo wa biashara unaoshuka melini, usiipangie njia hii. Utaratibu wa TRA ni kwamba kadhia, yaani tamko la forodha, inaingizwa kwenye mfumo na wakala wa forodha mwenye leseni. Wanaokwambia "nenda mwenyewe" wanazungumzia mambo mengine: begi la msafiri, kifurushi cha posta, na mpaka wa nchi kavu. Begi lina nafuu yake. Aliyekuwa nje ya nchi zaidi ya saa 24 anaruhusiwa vitu vya hadi kiasi fulani bila ushuru, mradi si vya biashara.

Kwetu Tanga, mwenyewe maana yake hasa ni Horohoro, kilomita kama 65 kutoka mjini. Pale ni kituo cha pamoja cha mpaka, unapita mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Jumuiya ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, uliotengenezwa au kuzalishwa ndani ya nchi wanachama. Afisa wa forodha anakugongea cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachoonyesha bidhaa ilikotengenezwa, palepale mpakani, na ushuru wa forodha hulipi. Hakuna wakala anayehitajika. Nimeuona ukiwafaa akina mama wanaoleta sabuni, vyombo vya plastiki na vyakula kutoka upande wa Kenya, na najua wengi bado wanaogopa kuutumia, wanapenyeza mzigo kwa bodaboda usiku kwa kitu ambacho kingepita mchana bila ushuru.

*Kuelezeka.* Hapa ndipo penye mtego, na mtego wenyewe uko kwenye neno uasili. Dada mmoja mbele yangu kwenye foleni alikuwa na mafurushi mawili ya leso kutoka Biashara Street, Mombasa. Afisa, kijana mpole, alifungua pindo la moja akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hizi zimenunuliwa Kenya. Zimetengenezwa wapi?"

"Si Mombasa, mwanangu?"

"Hapa pameandikwa India."

Kitu hakipati uasili wa Kenya kwa sababu kimeuzwa Kenya. Leso zile zilitakiwa kulipiwa ushuru kamili, sawa na zilizoshuka moja kwa moja kutoka India. Ukinunua Mombasa, angalia lebo kabla ya kulipa, na uliza ankara inayotaja mtengenezaji.

*Gharama na muda.* Nauli yako na siku yako moja. Cheti hakina malipo. Lakini kufutiwa ushuru wa forodha si kufutiwa kila kitu. VAT inaweza kubaki, na vyakula, mbegu au dawa vina vibali vyake vya afya na ubora ambavyo utaratibu uliorahisishwa hauviondoi.

*Karatasi.* Ni zako, kwa jina lako, na kila neno umelisema wewe.

Inamfaa mwenye mzigo mdogo, wa aina moja au mbili, anaoujua ulikotengenezwa, na anayeweza kusimama mbele ya meza akaueleza mwenyewe.

Njia ya pili: wakala wa forodha

*Ruhusa.* Njia hii haina kizuizi, ila sharti lake ni leseni. Leseni ya wakala wa forodha inaisha Desemba 31 kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka jana iliyotundikwa ukutani haina maana Januari. TRA ina orodha ya mawakala wenye leseni. Ulizia jina la kampuni huko kabla hujatoa hata shilingi ya nauli. Anayekaa nje ya geti na mkoba, anayesema "mimi nina watu wangu ndani", huyo ni kishoka. Atatumia leseni ya mtu mwingine, na siku mambo yakiharibika hutapata wa kumshika.

*Kuelezeka.* Hapa ndipo wakala mzuri anapolipa, na hapa ndipo mimi nilipoumia. Mwaka mmoja niliagiza mzigo mchanganyiko. Muuzaji akaniandikia orodha ya upakiaji, ile pakingi listi, yenye mstari mmoja tu: vifaa vya ushonaji, maboksi 40. Nikaipeleka hivyohivyo kwa wakala niliyeelekezwa na mtu. Naye, bila kuniuliza, akaandika yote kuwa vipuri vya cherehani. Mfumo ukauangusha mzigo kwenye mstari mwekundu. Kijani unapita, njano wanakagua karatasi, nyekundu wanafungua maboksi.

Nilisimama pale nikiangalia. Afisa alikata gundi kwa kisu kidogo, akatoa zipu akazipanga kwenye sakafu ya saruji rola baada ya rola, orodha iko mkono wa kushoto. Boksi la tatu akainua mikasi kumi na miwili iliyofungwa kwa mpira.

"Mama, na hii ni kipuri cha cherehani?"

Sikuwa na la kujibu. Mzigo ulikadiriwa upya, faini ikaja kwa jina langu, na maboksi yakakaa siku zote hizo yakihesabiwa gharama ya kuhifadhiwa. Wakala alisema ameandika kutokana na karatasi nilizompa. Alikuwa na kosa lake, alipaswa kuuliza. Lakini hakuwahi kuliona boksi lile, na mimi niliyelinunua sikumwambia kilichomo. Tangu siku ile orodha naiandika mwenyewe mstari kwa mstari: jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani, vipande vingapi, uzito, bei. Naituma kwa muuzaji aitumie hiyohiyo. Wakala niliye naye sasa hunipigia hata mara tatu kuuliza aina ya uzi, na kila anapopiga namshukuru.

*Gharama.* Omba makadirio yaliyotenganishwa: kodi za serikali, malipo ya bandari, malipo ya wakala wa meli, usafiri, na ujira wake yeye. Akikupa namba moja ya jumla, mwombe tena. Kodi ilipe mwenyewe. Kadhia ikikubaliwa inatoka kontroo namba, na wewe unaweza kuilipia benki au kwa simu ukaona kiasi halisi kilichoandikwa. Ujira wa wakala udai risiti ya EFD. Sipendi kusema hivi, lakini visa vingi vya kodi kuongezewa sifuri nilivyovisikia vilianza na mtu kumpa wakala fedha taslimu akamwambia "maliza, kaka".

*Muda.* TRA inashauri nyaraka ziwasilishwe angalau siku 7 kabla mzigo haujafika, na ushauri huo una thamani kuliko unavyosikika. Mzigo ukishashushwa, hesabu mbili za siku zinaanza kutembea pamoja: ya bandari inayodai nafasi yake na ya kampuni ya meli inayodai kontena lake. Kisheria tamko linatakiwa ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ukizembea, mzigo unaweza kupelekwa kwenye ghala la forodha na baadaye kupigwa mnada. Andaa ankara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena (ile bili ya meli, bill of lading), barua ya kumwidhinisha wakala, na vibali vya mamlaka husika kama TBS wakati meli bado iko baharini.

Bandari yetu nayo imebadilika. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari, unahamishwa mara mbili, na wenye vioo walilia. Maboresho ya shilingi bilioni 429.1 yamechimba kina kutoka mita 3 hadi mita 13, gati lina urefu wa mita 450, na meli inafunga ukutani. Hata hivyo safari za meli za makontena bado ni nyingi zaidi Dar es Salaam. Uliza hati ya shehena itasoma bandari ipi, kwa sababu ikisoma Dar una kilomita zipatazo 350 za lori za kuongeza kwenye hesabu.

*Karatasi.* Zinatoka kwa jina lako na TIN yako. Kama umesajiliwa VAT, ndizo zinazokuwezesha kudai uliyolipa. Zihifadhi miaka 5, maana forodha inaweza kurudi kuzikagua. Na usipokubaliana na uamuzi wa thamani au msimbo, una siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya. Naye ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza mpaka zipite, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Ni haki ambayo wakala mwoga hatakutajia.

Njia hii inamfaa mwenye mzigo wa meli, mzigo mchanganyiko, mashine, gari, au biashara inayotaka kukua na kuonyesha vitabu vyake.

Njia ya tatu: kontena la kuchangia

*Ruhusa.* Mkusanyaji ndiye anayeshughulika na wakala, wewe hugusi forodha kabisa. Ni halali pale anapotamka kila kilichomo.

*Kuelezeka.* Raha yake ni kwamba huulizwi mengi. Ubaya wake ni huohuo. Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita za ujazo 33 hivi, kwa hiyo mzigo wako wa mita moja unakaa na watu kama thelathini usiowajua. Mmoja wao akificha simu kwenye boksi la viatu, kontena zima linafunguliwa, na uzi wako unakaa pamoja na simu zake mpaka mambo yaishe.

*Gharama.* Unalipa kwa mita ya ujazo, kodi ikiwemo. Chukua utepe upime: boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12, maboksi manane yanakaribia mita moja kamili. Bei ikiwa kwa ujazo, sindano na vipuri vidogo vya bei kubwa vinanufaika sana, lakini pamba ya mito na vitambaa vyepesi vinalipa kama dhahabu. Mara ya kwanza nilileta sponji kwa njia hii, na faida yote iliishia kwenye hewa iliyo ndani ya sponji. Uliza pia mzigo unaachiwa wapi. Mara nyingi ni ghalani Dar, na kuufikisha Tanga ni juu yako. (Kwa ndege wanahesabu kilo. Ukigomboa mzigo wa ndege kwa jina lako, kumbuka nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya kutozea ushuru, tofauti na ya meli.)

*Muda.* Kontena haliondoki mpaka lijae. Usiitumie njia hii kwa bidhaa za sikukuu.

*Karatasi.* Hili ndilo linalonifanya niitumie njia hii kwa kiasi. Kwa kawaida tamko linatoka kwa jina la mkusanyaji. Dukani kwako unabaki na risiti ya usafirishaji, huna ushahidi kwamba bidhaa zile zililipiwa ushuru. Siku afisa akiingia akauliza, au benki ikitaka kuona unachoagiza kwa mwaka, huna cha kuweka mezani. Wapo wakusanyaji wanaotoa hati na kadhia kwa kila mwenye mzigo. Waulize kabla, na wakikubali waambie waandike.

Inamfaa anayejaribu bidhaa kwa mara ya kwanza, mwenye maboksi machache ambayo gharama za kugomboa peke yake zingezidi thamani yake.

Kwa hali yako

Kama unaleta bidhaa zilizotengenezwa Kenya zisizofika dola 2,000, nenda Horohoro mwenyewe, asubuhi, na ankara mkononi. Zikizidi kiasi hicho, au zikiwa zimetoka nje ya Jumuiya, tafuta wakala kabla hujavuka.

Kama ni gari, wakala. Kabla hujanunua, ingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, kwa sababu umri wa gari unaongeza ushuru wa bidhaa na thamani inayotumika si lazima iwe uliyolipa. Anayerudi nyumbani moja kwa moja baada ya kuishi ughaibuni aulizie kwanza msamaha wa mkazi anayerejea. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba gari uwe umelimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12.

Kama ni maboksi mawili matatu ya kuonja soko, changia kontena, mradi hutaki kudai VAT na unaweza kusubiri. Ukiagiza hivyo mara ya tatu kwa mwaka, kaa upige hesabu ya wakala. Huenda umeshavuka mstari bila kujua.

Kama mzigo ni mchanganyiko, hata uwe mdogo, nenda kwa wakala, na mpe orodha ya mstari kwa mstari.

Mdogo wangu amechagua wakala. Vyerehani sita vya aina moja vinaelezeka na angeweza kuchangia kontena kwa bei ya chini, lakini anaomba mkopo wa kupanua karakana na anataka karatasi zenye jina lake. Jana usiku amenitumia picha ya orodha yake, imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la wateja. Mstari wa saba umeandikwa "sindano, pakiti 50, zawadi ya muuzaji", na chini yake ameuliza kama zawadi nayo inatamkwa. Nimemjibu inatamkwa, pamoja na thamani yake.